Bahari Inakula Kiwanja cha Chama: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumwaga Zege

Vyama vingi vya Nairobi vina kiwanja Pwani. Wanachama wamechanga mwaka baada ya mwaka, wakanunua nusu ekari Diani, Kikambala au Watamu, na wengine wakajenga nyumba ya kukodisha wageni. Halafu mlinzi anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp: mnazi umelala, mizizi iko nje, na mchanga umekatika wima hatua chache kutoka barazani. Kabla ya usiku kuingia, mwanachama mmoja amekwisha kupata bei ya ukuta kwa mkandarasi.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Msimamo wangu nautanguliza: ukuta huokoa ardhi iliyo nyuma yake na mara nyingi hupoteza ufuo ulio mbele yake. Chama kilichonunua kwa sababu ya ufuo kinaweza kumaliza akiba yake kikiuondoa ufuo huohuo. Kwa hiyo ile bei ya mkandarasi iwekeni kando kwanza, mfuate hatua hizi. Zitachukua kama mwaka mmoja, isipokuwa nyumba yenyewe iwe karibu kuanguka. Hali hiyo nimeieleza kwenye hatua ya tano, panapozungumziwa magunia.

Hatua ya 1: Jueni kama mchanga umepotea au umesafiri

Ufuo hautulii mahali pamoja mwaka mzima. Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Oktoba, huja na mawimbi makubwa na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia zaidi na sehemu ya mchanga huo huweza kurudi. Picha ya Julai inaweza kutisha, na ya Februari, mahali palepale, ikaonyesha ufuo mpana. Kuna kuta zilizojengwa kwa sababu ya picha ya Julai tu.

Jambo la pili ni bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Mawimbi makali yakikutana na bamvua, usiku mmoja unaweza kukata mchanga mwingi kuliko wiki nyingi za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Wenyeji wanalijua hili tangu utotoni. Sisi wa bara ndio tunaohitaji kulipima.

Kipimo chenyewe mlinzi wenu anakiweza. Chagueni kitu kisichosogea: pembe ya nyumba, bikoni ya mpaka, au nguzo ya zege mliyoichimbia ndani kabisa ya kiwanja. Mnunulieni tepu ya mita 50. Kila mwezi, siku ya bamvua, apime kutoka hapo hadi pale mchanga ulipokatika, kisha hadi ule mstari wa takataka na nyasi za bahari unaoachwa na maji yaliyojaa. Apige picha akiwa amesimama mahali palepale, simu ikielekea upande uleule. Maji ya bamvua upande wa Mombasa hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi, hivyo kazi yote ni ya mchana. Halmashauri ya Bandari, KPA, huchapisha majedwali ya maji ya kila mwaka.

Linganisheni Julai na Julai, Februari na Februari. Mkilinganisha Februari na Julai mtapima upepo, si mmomonyoko. Na mlinzi alipwe kwa kazi hii kando ya mshahara wake. Vipimo vyake ndivyo vitakavyowaokolea pesa kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 2: Tafuteni picha za zamani, hapahapa Nairobi

Mwaka mmoja wa vipimo unatoa sura ya misimu. Sura ya miongo iko kwenye kumbukumbu, na nyingi ziko mjini kwetu. Survey of Kenya, Ruaraka, wana ramani na picha za angani za miaka ya zamani; nendeni na namba ya kiwanja na ramani ya eneo. Kwenye simu, programu ya Google Earth huonyesha picha za setilaiti za miaka mbalimbali bila malipo.

Angalizo moja: msipime ukingo wa maji kwenye picha hizo. Moja huenda ilipigwa maji yamejaa na nyingine yamepwa, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa makumi ya mita. Pimeni ukingo wa mimea, pale majani na vichaka vinapoishia na mchanga mtupu kuanza. Huo hausogezwi na maji ya siku moja. Gawanyeni umbali uliosogea kwa idadi ya miaka, mtapata kasi ya wastani.

Kama kiwanja chenu kiko juu ya jabali la matumbawe ya kale, hesabu ni nyingine. Bahari hulichimba jabali kwa chini taratibu, kisha kipande kizima huanguka kwa mara moja. Hapo itisheni mtaalamu wa miamba, na msiweke jengo wala tangi la maji karibu na ukingo.

Hatua ya 3: Ulizeni mchanga wenu unatoka wapi

Hili ndilo swali ambalo vyama havimuulizi mkandarasi, na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Ufuo una mapato na matumizi. Ukikonda, ama mapato yamepungua ama matumizi yamezidi, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kusini mwa Mombasa na sehemu nyingi za Kilifi, sehemu kubwa ya mchanga mweupe ni mabaki ya viumbe wa baharini: vipande vya matumbawe, makombe, mwani wenye chokaa, na unga unaotolewa na samaki wanaotafuna matumbawe. Mwamba ulio mbele yenu ndio kiwanda, na ndio ngao pia. Utafiti uliokusanya vipimo kutoka nchi nyingi na kuchapishwa 2014 ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Sasa kumbukeni kwamba mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, na kwamba bahari yenyewe inapanda: kwa wastani wa dunia, kina kiliongezeka kwa kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imezidi tangu hapo. Mwamba uliokufa hubomoka, na maji yaliyopanda hupitisha mawimbi makubwa zaidi juu yake. Hakuna ukuta wa kiwanja unaogusa chanzo hicho.

Kaskazini, mito ndiyo huleta mchanga. Mto Nairobi humwaga katika Athi, na Athi hufika baharini ukiitwa Sabaki, kaskazini ya Malindi. Udongo unaosombwa kutoka mashamba yetu ya bara ndio uliopanua ufuo wa Malindi na kuyafanya maji yake kuwa ya kahawia wakati wa mvua. Hapo mchanga umezidi. Mto Tana ni kinyume. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika 1981, likifuatana na mengine ya kuzalisha umeme, sehemu ya mchanga wa mto huo hubaki mabwawani, na Kipini, mji ulio mlangoni mwa Tana, umekuwa ukiliwa na bahari kwa miaka mingi. Sehemu ya umeme unaowasha taa za mikutano yetu Nairobi hutoka kwenye mabwawa hayo.

Mara nyingine chanzo kiko karibu zaidi. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, uchimbaji wa mchanga wa ujenzi kwenye vijito vinavyomwaga baharini ulikuwa sababu kubwa ya ufuo kukonda. Togo, bandari ya Lomé iliyojengwa miaka ya 1960 ilikinga mchanga uliokuwa ukisafiri kuelekea mashariki. Upande mmoja wa bandari ufuo ukanenepa, upande wa pili vijiji vikaliwa.

Kwa hiyo tembeeni ufuo wenu, kilomita moja kila upande, maji yakiwa yamepwa. Je, kuna ukuta mpya wa jirani au hoteli? Kuna malori yanayochota mchanga? Kuna mikoko iliyokatwa kwenye mdomo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara? Wafanyakazi wa hoteli wanazoa nyasi za bahari kila asubuhi ili ufuo uonekane safi? Nyasi hizo zilizokauka hushika mchanga na kupunguza ukali wa wimbi la mwisho. Kuziacha hakugharimu chochote.

Hatua ya 4: Tambueni mpaka wenu

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Tena, kanuni za upimaji huelekeza kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa kwa kawaida utengwe. Viwanja vya zamani vina historia tofauti, basi mleteni mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe bikoni ziko wapi leo. Kama bikoni ya upande wa bahari imeshaingia majini, mwiteni wakili kabla ya mkandarasi. Ukuta uliojengwa kwenye ardhi ya umma unaweza kuamriwa kubomolewa, kwa gharama yenu.

Hatua ya 5: Wekeni njia zote mezani, hata msizozipenda

Kuacha ufuo ujiendeshe. Hii ni njia kamili, ina gharama yake na faida yake. Kama vipimo vinaonyesha mchanga huenda na kurudi, au kasi ni ndogo na nyumba iko mbali, ndiyo bora. Endeleeni kupima.

Kurudi nyuma. Hamisheni kilicho karibu na bahari: baraza, banda la wageni, tangi la choo. Tangi la choo lihamishwe la kwanza, maana likipasuka ufuoni madhara yake huwafikia wote. Nyumba ndogo za makuti na mbao huhamishika. Za mawe hazihamishiki, na hilo liongoze ujenzi wenu wote wa baadaye. Najua inauma kuachia ardhi iliyolipiwa kwa jasho. Lakini kiwanja kirefu kutoka baharini hadi barabarani kina nafasi ya kurudi, na ufuo ulioachiwa nafasi husogea pamoja na bahari na kubaki ufuo. Wenye kiwanja chembamba sana hawana njia hii, nao wafikirie pia kuuza, wakimwonyesha mnunuzi vipimo vyote.

Mimea. Zungushieni uzio mwepesi ukanda wa mita kadhaa juu ya mstari wa maji, watu na magari yasiukanyage, na muiache mimea inayotambaa mchangani ishike. Huko Shela, Lamu, machuguu ya mchanga yamelindwa kwa sababu yanahifadhi maji matamu ya mji, na ni funzo kwa kila mwenye kiwanja anayetaka kusawazisha chuguu ili aone bahari vizuri. Mvinje unaopandwa kila mahali kama kinga mara nyingi huangushwa mawimbi yanapofika kwenye shina lake, kwa hiyo msiutegemee peke yake. Mikoko nayo ina mahali pake: kwenye tope la hori na ghuba iliyotulia. Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamehifadhi na kupanda mikoko na kuuza hewa ya kaboni tangu 2013. Kuipanda kwenye mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi ni kupoteza miche.

Kurudishia matumbawe. Kazi hii chama hakiwezi kuifanya peke yake, ila kinaweza kuichangia. Wasini, wanakijiji wameshirikiana na watafiti kupandikiza matumbawe. Matokeo huchukua miaka mingi, lakini ni kati ya njia chache zinazogusa chanzo chenyewe.

Magunia na gabioni. Nyumba ikiwa mita mbili tatu kutoka ukingoni na bamvua ya Septemba inakuja, magunia makubwa ya kitambaa kizito yaliyojazwa mchanga yanaweza kuwanunulia muda. Mchanga huo usichotwe ufuoni. Jua huyachakaza, nayo yakipasuka huacha plastiki baharini, hivyo pangeni tangu mwanzo siku ya kuyaondoa. Gabioni, zile nyavu za waya zilizojazwa mawe, zinafaa mtoni kuliko baharini. Chumvi hula waya, mawe hutawanyika, na ncha za waya hubaki mchangani zikingoja mguu wa mvuvi.

Ukuta na mteremko wa mawe. Wimbi likigonga ukuta ulio wima hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga ulio mguuni mwa ukuta. Ufuo hushuka, maji huufikia ukuta hata siku za kawaida, na miisho ya ukuta humomonyoa kiwanja cha jirani. Kasa anayepanda usiku kutaga hukuta zege. Mtu anayetembea ufuoni maji yakiwa yamejaa hukosa pa kupita. Hata hivyo, kuna mahali ukuta ni haki. Fort Jesus, Mombasa, ilianza kujengwa 1593, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na haiwezi kuhamishwa. Imejengewa kinga dhidi ya mawimbi. Chama kijiulize bila kujidanganya kama banda lake la wageni lina uzito huo.

Mkilazimika, daini mteremko wa mawe makubwa badala ya ukuta wima, maana mawe yenye mianya hunyonya sehemu ya nguvu za wimbi. Uwekwe mbali na bahari iwezekanavyo, ndani ya kiwanja chenu. Mguu wake ushuke chini kuliko mchanga unavyoweza kushuka wakati wa kusi. Chini ya mawe kuwe na kitambaa cha kuzuia mchanga kufyonzwa. Maji ya mvua yawe na njia ya kutokea, kwa sababu kuta nyingi huangushwa na maji yaliyonaswa nyuma yake. Mkandarasi asiyetaja mguu, kitambaa na maji ya mvua kwenye bei yake, mshukuruni na mtafute mwingine.

Kuta za kukinga mchanga, zinazojitokeza kutoka ufuoni kuingia baharini, hunasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Kwetu, ambako mwelekeo hubadilika na msimu, matokeo yake ni magumu kubashiri. Chama kisizijenge.

Kujaza mchanga kutoka nje ni njia ya miji na serikali. Uholanzi, mwaka 2011, walimwaga mita za ujazo zaidi ya milioni 21 mahali pamoja ili bahari yenyewe iusambaze. Ni kazi ya kurudiwa, kwa kuwa sababu iliyouondoa mchanga wa kwanza bado ipo. Njia hii inafaa pale wamiliki wote wa ghuba na kaunti wanapochanga pamoja.

Hatua ya 6: Linganisheni kwa miaka 30

Chukueni kasi mliyoipata. Ukingo ukiwa mita 40 kutoka kwenye nyumba na unapoteza nusu mita kwa mwaka, mna kama miaka 80; ukipoteza mita 2, mna miaka 20. Punguzeni sehemu ya hesabu hiyo, kwa sababu bahari inapanda na dhoruba moja huweza kula cha miaka mitano.

Kisha kwa kila njia andikeni gharama ya kuanza, ya matengenezo kila baada ya kusi, na ya kuondoa itakapochoka, zote kwa miaka 30. Ongezeni safu ya pili: ufuo utakuwaje mbele yenu mwaka wa 10? Wageni wanalipia ufuo. Ukuta imara usio na mchanga mbele yake hupunguza kodi ya nyumba, na hasara hiyo ni sehemu ya bei ya ukuta, ingawa haiko kwenye karatasi ya mkandarasi. Nina hakika vyama vingi vikiandika safu hii ya pili vitachagua kurudi nyuma na kupanda mimea.

Hatua ya 7: Kaeni na watu wa pale kabla ya kuamua

Shukeni wenyewe, wawili watatu, wakati wa kusi na tena wakati wa kaskazi. Pigeni hodi kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo cha wavuvi, na kwa mzee wa kijiji. Salimieni kwa utulivu, kaeni, na msianze na michoro. Ulizeni: ‘Mzee, zamani maji yalikuwa yanafika wapi? Mashua zilikuwa zinapandishwa wapi? Mchanga ulianza kupungua kabla au baada ya ukuta ule?’ Mvuvi wa miaka 60 anakumbuka misimu ambayo hamtaipata kwenye picha yoyote.

Waulizeni pia majirani wa pande zote mbili. Wakiwa na shida ileile, njia moja ya ghuba nzima ni nafuu na salama kuliko kuta nne zinazosukumiana maji. Mkiziba njia ya watu kufika baharini mtakuwa na kesi pamoja na mmomonyoko.

Hatua ya 8: Kibali

Kazi yoyote ya ujenzi ufuoni inapitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, kwa tathmini ya athari iliyofanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, na pia inahitaji idhini ya mipango ya kaunti. Ulizeni ofisi ya NEMA ya kaunti husika, si makao makuu tu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, wanazijua fuo hizi. Ombeni ushauri wao mapema. Mtaalamu atakayewaletea ripoti bila kufika ufuoni maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa hajafanya kazi mliyomlipia.

Hatua ya 9: Andikeni uamuzi pamoja na kiwango cha kuubadilisha

Kwenye kumbukumbu za mkutano andikeni njia mliyochagua, sababu, na kipimo kitakachowarudisha mezani. Kwa mfano: ukingo ukifika mita 15 kutoka kwenye nyumba, banda linahamishwa msimu huohuo wa kaskazi, na pesa zake zimetengwa kwenye akaunti tangu leo. Mweka hazina aijue namba hiyo, na mlinzi aijue pia, maana yeye ndiye atakayeiona kwanza kwenye tepu.